Mikono Aliipeleka Wapi

Louisville, Kentucky
11 Januari 2025

Mdogo wangu Kanyana,

Usinipigie simu kuhusu barua hii. Simu inatunza maneno, na sauti ukiituma leo kwenye kundi la familia, kesho imefika mpaka Nairobi. Haya ni ya karatasi. Ukimaliza kusoma, choma.

Nimempata Zenoni.

Hakufa kama tulivyoambiwa kambini tulipokimbia Kongo. Yuko Columbus, pale Whitehall, kwenye nyumba za kupanga, mwendo wa dakika tano kutoka kwa binamu yetu Kabera. Ana mke na watoto watatu, na anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao. Kabera alikutana naye dukani anasukuma toroli ya vyakula, akamsalimia kwa heshima kabla hajamtambua. Aliponipigia alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilikuwa garini kwenye maegesho ya ghala, nikasikia njaa kali, nikala chakula changu chote kabla zamu haijaanza.

Wewe ulikuwa na miaka tisa na hukuona. Acha nikuandikie mara moja, maana hatujawahi kulisema. Zenoni, mtoto wa jirani, ambaye baba yetu alimpa baba yake ndama, aliyekunywa maziwa kwenye chombo chetu, alisimama mlangoni kunapambazuka akaita: "Baba Semahoro, fungua, ni miye Zenoni." Baba alifungua kwa sababu ya sauti ile. Nyuma yake walikuwapo sita. Zenoni ndiye aliyeanza. Alimpiga baba gotini kwa mpini wa jembe, na goti lilitoa mlio nikadhani ni mlango. Baada ya hapo wenye mapanga walifanya kazi yao bila haraka. Mdogo wetu Umuhoza alitoka mbio kumfuata baba, na miaka yake mitano, wakampiga mara moja tu. Mimi nilikuwa darini juu ya magunia ya maharage, nimekulalia, nimekuziba mdomo. Niliona kila kitu kwenye ufa wa ubao.

Jumamosi ya tarehe 12 Aprili makanisa ya Columbus yana ibada ya kupatana, watu wa kwetu na watu wa kwao. Zenoni atatoa ushuhuda na kuomba msamaha. Desturi unaijua: ndugu wa marehemu ndio wa kwanza kumkumbatia, kifua kwa kifua, na hakuna anayeachia kabla mwenzake hajalegea. Nimemwambia Kabera aandikishe jina langu. Kisu changu cha kufungulia maboksi kitakuwa kwenye mkono wa koti.

Nakuambia kwa sababu mama naye hayupo, umebaki wewe. Sikuombi ruhusa.

Kaka yako,
Semahoro


Buffalo, New York
25 Januari 2025

Kaka Semahoro,

Sikuichoma. Nimeiweka ndani ya Biblia, na usinikasirikie.

Hapa Black Rock theluji imefika kwenye kioo cha dirisha. Basi lilichelewa, kwa hiyo nilisoma barua yako kituoni nimesimama, mara tatu. Nilitetemeka mpaka mama mmoja akanivulia skafu yake akanifunga, akidhani ni baridi.

Unajua nina jino la mbele lililokatika. Watu huniuliza kama nilianguka. Ni mkono wako, asubuhi ile darini. Ulinibana mdomo mpaka jino likakatika nikalimeza. Sijakulaumu hata siku moja. Mkono ule ndio uliofanya niwe hai, na sasa unataka kuupeleka Columbus ukaue mtu mbele ya watoto wake.

Acha nikuambie habari za mzee ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee. Anaitwa Mchungaji Lucius Tandy, ana miaka themanini na mitano, na ni mzaliwa wa hapo hapo Louisville. Mwaka 1961 alikuwa kijana, akiongoza wanafunzi weusi waliokwenda kukaa kwenye mikahawa ya wazungu na kuagiza chakula walichojua hawatapewa. Hawakwenda hivi hivi. Aliwafundisha kwanza, kwenye chumba cha chini ya kanisa. Viti vinapangwa mstari. Nusu wanakaa, hao ndio waandamanaji. Nusu wanasimama nyuma yao, hao wanajifanya wazungu: wanatukana, wanavuta nywele, wanamwaga chai, wanapiga makofi. Baada ya nusu saa wanabadilishana. Anayerudisha hata kofi moja, kesho haendi.

Siku yenyewe mtu alimmwagia kahawa ya moto shingoni. Mwingine alimvuta chini, akampiga uso kwenye ukingo wa meza mpaka jino likakatika, akamkanyaga mkono kwa kiatu cha kazi, vidole viwili vikavunjika. Mzee aliokota kiti, akarudi akakaa palepale. Vidole hivyo navikausha mimi kila asubuhi, na mpaka leo havinyooki.

Jumatatu hii, siku ya kumkumbuka yule kiongozi wao mkubwa aliyeuawa, watoto wa shule walikuja na keki wakapiga naye picha. Louisville wamemchora kwenye ukuta upande wa magharibi wa mji. Nenda kamwone. Msimamie mbele dakika kumi, halafu uniandikie kama bado unataka kwenda Columbus.

Nakulilia, kaka. Baba amekwisha kufa. Watoto wako bado wana baba.

Mdogo wako,
Kanyana


Louisville
9 Februari 2025

Kanyana,

Nimemwona. Wamemchora mkubwa kuliko mlango wa ghala, na jino lililokatika wamelionyesha. Nilikwenda na Hadassa na watoto wetu baada ya ibada. Niliwaambia watoto kwamba huyu alipigwa akanyamaza. Mkubwa akanijibu kwa Kiingereza kwamba shuleni wamesoma habari zake mwezi huu, na akataka turudi garini kwa sababu ya baridi. Basi nilisimama dakika kumi peke yangu kama ulivyoagiza.

Mzee wako namheshimu. Lakini waliompiga hawakumjua jina. Hawakunywa maziwa kwao. Alitaka meza, na meza wakampa. Mimi nikikaa kwenye kiti nikanyamaza, nani atanipa Umuhoza?

Jambo lingine, usilisikie kwa watu. Jumatano kazini jamaa mmoja alinisukuma kwa toroli kwa nyuma, akacheka. Nilimshika shingo nikampiga uso kwenye chuma cha rafu, mara mbili. Mara ya pili haikuhitajika. Damu yake iliingia kwenye boksi la viatu vya watoto, na kitu nilichokifikiria ni kwamba boksi lile sasa halitauzika. Wameniondoa kazini. Nilipofika nyumbani mikono ilikuwa bado inataka kitu, Kanyana. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mwulize mzee wako swali langu, usimpambe wala usimpunguze. Siku ile alipotoka mkahawani na jino mkononi na hakumrudishia mtu, mikono yake aliipeleka wapi?

Semahoro


Buffalo
20 Februari 2025

Kaka,

Nimesikitika kwa ajili ya kazi, na zaidi kwa ajili ya yule uliyempiga. Nashukuru umeniambia mwenyewe.

Nimemwuliza mzee swali lako. Alisema mikono aliiweka mfukoni akaenda nyumbani. Mkewe, Odessa, alimkalisha jikoni, akamwosha damu, akamfunga vidole, wala hakumwuliza neno. Alikuwa mwanamke mvumilivu sana. Magazeti hayakumwandika, lakini nusu ya harakati ile ilibebwa na yeye kwa uvumilivu wake. Ndiyo sababu mzee aliweza kurudi kesho yake akakaa tena.

Na wewe una Hadassa. Rudi nyumbani kwake kila mikono inapotaka kitu. Mkalishe umweleze. Mwanamke mvumilivu anaweza kumshika mtu asianguke, na Hadassa namfahamu, ana moyo huo.

Tafadhali mwambie Kabera afute jina lako.

Kanyana


Louisville
6 Machi 2025

Wifi Kanyana,

Shalom. Mimi si mwandishi, nilizoea kukuachia ujumbe wa sauti, lakini simu yangu sasa anaishika kaka yako. Ninaandika kazini, chumba cha kufulia nguo cha hospitali, juu ya meza ya kukunjia mashuka. Ukinijibu, tumia anwani ya Veridiana niliyoandika nyuma ya bahasha, pamoja na namba yake ya simu. Ni dada wa Kitanzania tunayefanya naye kazi, hana maneno mengi.

Barua yako ya Februari niliisikia. Kaka yako aliisoma mezani kwa sauti, yote, halafu sehemu ya yule mama akairudia. Akaniambia, akichanganya na Kifaransa chake: "Bon, umesikia? Ule mama alivumilia, aliosha damu na hakuuliza. Donc weye unashindwa nini?" Nilikuwa nimemwuliza kama atatafuta kazi nyingine.

Tangu wiki ile anapanga viti. Vitatu, mstari mmoja, hapo sebuleni. Tunakaa mimi na watoto wawili, yeye anasimama nyuma. Anasema ni mafunzo, mchungaji mkubwa alifanya hivyo, na anataka kujua nani katika nyumba yake ana nguvu. Mdogo alilia siku ya kwanza akapigwa kofi kwa sababu ya kulia. Mkubwa halii tena. Mimi nilimwagiwa chai. Haikuwa ya kuchemka kabisa, namshukuru Mungu kwa hilo. Siku ya Jumapili alinipiga upande wa kushoto wa kichwa, sikio likapiga kengele mpaka jioni, na sasa halisikii. Nimemwambia daktari niliteleza kwenye barafu. Ukiniona utanishangaa, mtu akisema nami nageuza kichwa kama kuku.

Halafu kuna lingine. Ananisimamisha katikati ya nyumba, ananikumbatia kama kwetu, muda mrefu, na mpini wa kijiko anauweka hapa chini ya mbavu. Anapima. Ananiambia nisilegee. Sijui anamfikiria nani, na nimeogopa kuuliza.

Siku hizi nikisikia gari lake, kitu cha kwanza naondoa vikombe mezani. Naviweka kwenye sinki, watoto wanaingia chini ya meza bila kuambiwa, ndipo nafungua mlango. Nimefanya hivyo mara nyingi hata mikono yangu inafanya yenyewe.

Sikulaumu. Ulikuwa unaandika mambo mazuri. Nataka tu kukuuliza, kwa sababu nalala na jina la yule mama kichwani. Huyo Odessa, ni kweli alivumilia? Alikufa na nini?

Wifi yako,
Hadassa


Buffalo
12 Machi 2025

Kwa mkono wa dada Veridiana

Hadassa mpenzi,

Hakuvumilia. Nilidanganya. Odessa aliondoka mwaka 1964 na binti yake na sanduku moja, hana meno ya mbele, na hakurudi wala hakuandika. Kwa hiyo usimfuate yule niliyekuandikia mimi, huyo hakuwapo. Mfuate huyu aliyeondoka.

Anayemfikiria akikukumbatia ni Zenoni aliyemwua baba yetu. Yuko Columbus. Nilijua tangu Januari na nikakuficha, nikidhani namlinda kaka kumbe nakuacha wewe peke yako na yeye. Nisamehe baadaye, sasa fanya haraka.

Subiri siku atakayotoka kutafuta kazi. Usibebe nguo. Chukua watoto, vyeti vyao, karatasi za uhamiaji na dawa. Nimezungumza na Veridiana, atawapeleka kituo cha basi kwa gari lake. Mwambie daktari wa huku ukweli kuhusu sikio. Nitakuwa nimesimama kituoni.

Kanyana


Buffalo
31 Machi 2025

Semahoro,

Nyumba umeikuta tupu, najua. Hadassa na watoto wako salama. Sitakuambia walipo, na wazee wa kanisa ukiwatuma kuuliza watapata jibu hilohilo. Najua habari za viti, za chai na za sikio. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, maana fimbo uliyowapigia ilitoka kwangu.

Nilikudanganya. Ulipotaka nimwulize mzee swali lako, nilimwuliza kweli, na alinijibu kweli. Nilikuwa namkata kucha. Nilipomaliza mkono wa kulia akaniomba nifunge mlango.

Alisema watu wanakumbuka kwamba aliwafundisha kupigwa. Wanasahau kwamba nusu ya mafunzo ilikuwa kupiga. Lazima mtu asimame nyuma ya kiti awe mzungu, na katika kuwa mzungu yeye alikuwa hodari kuliko wote. Alijua pa kubana, alijua neno la kumtoa msichana machozi. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye alianza kuingoja zamu ile. Kisha siku ya mkahawani akapigwa kweli, akanyamaza, wakamsifu, akaenda nyumbani na vidole vilivyovunjika. Odessa akamwuliza kama wenzake watatoka mahabusu. Swali lenyewe lilikuwa hilo tu. Mzee akampiga mdomoni kwa mkono uleule uliofungwa bandeji, na alisema maumivu ya vidole vyake yalimfanya ampige tena. Ilikuwa hivyo miaka mitatu. Mchana anahubiri upendo kwa maadui, akirudi nyumbani anampiga mkewe, na mtoto wa miaka minne anaangalia kutoka chini ya meza.

Aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Wale wanaume wa mkahawani niliwasamehe wote. Odessa ndiye aliyelipia."

Nilimwuliza kama basi yote yale yalikuwa uongo. Nilikuwa na hasira, nilitaka aseme ndiyo. Akasema hapana. Meza zilifunguliwa, na mimi mkimbizi wa Kongo nakaa kiti chochote cha basi kwa sababu yeye na wale watoto walikubali kuvunjwa. Hilo halifutiki. Na meno ya Odessa nayo hayafutiki. Alisema wote wanaomjia na keki wanataka moja tu kati ya hayo mawili, naye amezeeka akiwapa hilo moja. Tangu mwaka 1964 anamngoja binti yake. Wanaokuja ni wapiga picha.

Nilificha kwa sababu nilihitaji mtu msafi wa kukuonyesha. Sikumpata, nikamtengeneza. Na nilipokuwa namsafisha mzee nilimfuta Odessa, nikaandika "mvumilivu" mahali alipokuwa amesimama, na wewe ukampelekea Hadassa neno hilo. Nalia ninapoandika, si kwa ajili yako.

Usiende Columbus. Lakini sikwambii ukibaki Hadassa atarudi. Harudi. Miaka ishirini nimelitunza jino hili kama kumbukumbu ya mkono wako. Leo mkono huo siutaki karibu na nyumba yangu.

Kanyana


Jela ya wilaya, Columbus, Ohio
20 Aprili 2025

Kanyana,

Leo ni Pasaka. Wametupa yai moja moja na karatasi. Utakuwa umesikia ya Kabera, na Kabera anapenda kuongeza. Sikiliza yangu.

Barua yako ilinifikia, nikaisoma, nikakuita majina ambayo sitayaandika. Niliiweka mfuko mmoja wa koti, kisu nikakiweka kwenye mkono wa upande wa pili, nikaendesha gari saa tatu na nusu bila kuwasha redio. Nilikuwa nimeshapoteza kazi na nyumba. Nilisema angalau hili moja nitalimaliza.

Ukumbi ulijaa. Walikuwa wamepanga meza pembeni, chai ya maziwa ya moto tayari kwenye vikombe, ya kunywa watu wakishapatana. Zenoni amenenepa, ana mvi. Alisimama akasema alikuwa na miaka kumi na saba, akasema mlango, akasema jembe, akalitaja jina la baba. Hakuficha kitu, hata goti. Watu walilia sana. Mchungaji akaita ndugu wa marehemu, nikapita mbele.

Tulikumbatiana. Nilimkaza, naye akanikaza. Anatoka jasho, ananuka sabuni. Nilikisukuma kisu nje ya mkono wa koti nikakipitisha pale nilipokuwa nimepapima nyumbani, kikapita shati, kikaingia, nikahisi joto lake kwenye vidole. Hakupiga kelele. Aliniambia sikioni: "Nilijua ni weye. Maliza." Na mikono yake akaiacha ianguke. Hapo alikuwa amelegea, kwa desturi ningeweza kuachia. Nilikuwa bado nasukuma.

Mkewe anaitwa Spés. Alikuwa kwenye meza ya kwanza, mbele yangu kabisa, na aliuona uso wangu juu ya bega la mumewe. Ukumbi mzima walikuwa wanaimba, macho wameyafumba. Yeye peke yake aliona uso wa mwanaume unaotaka kupiga. Unajua alifanya nini? Hakulia, hakuita mtu. Aliondoa vikombe vya chai mezani. Kimoja kimoja, haraka, bila kumwaga, akaviweka sakafuni nyuma yake. Na watoto wake watatu waliteremka kwenye viti wakaingia chini ya meza, hakuna aliyewaambia.

Nimeviona vile vikombe nyumbani kwangu, Kanyana. Nilikuwa naingia navikuta kwenye sinki, nusu vimejaa, bado vina moshi, nikidhani Hadassa ni mtu wa usafi. Sikuwahi kujiuliza. Siku ile nilielewa. Mwanamke hajifunzi hivyo kanisani. Zenoni anatoa ushuhuda wa baba yetu kila kanisa, na nyumbani kwake wanaondoa vikombe.

Niliachia. Si kwamba nilimsamehe, na atakayekuambia nilimsamehe mwambie hakuwapo. Mkono ulikwisha nguvu tu. Kisu kilibaki kwenye shati lake. Watu walipofumbua macho damu ilikuwa imefika kwenye kiatu. Wamemshona, hatakufa. Aliwaambia polisi kwamba hataki kesi. Mimi niliwaambia ni kisu changu, nilikileta kutoka Louisville kwa makusudi, na niliwaambia pia habari za sikio la Hadassa. Yule aliyekuwa akiandika aliniuliza hilo la sikio linahusianaje. Nilimwambia aandike tu.

Siku watakapomzika mzee wako, na wamsifu, anastahili. Alikaa kwenye kiti kile, mimi nisingeweza. Lakini wewe umekausha mikono yake, watakupa nafasi ya kusema neno. Mtaje Odessa. Sema na habari ya meno yake.

Najua Hadassa yuko kwako. Sijamwambia mtu, na nakuomba umhamishie mahali nisipopajua kabla hawajanitoa humu. Nimejikagua humu ndani siku nane. Jana mtu alichukua kijiko changu, na mikono ikaamka ileile.

Hadassa ataanza kunihurumia, namjua. Atasema nimekiri, nimebadilika, watoto wanamtaka baba. Mwambie asirudi. Akiuliza nani kasema, mwambie ni mimi. Na akisema anataka kuja kuniona, mkalishe mezani umsomee barua hii kwa sauti, yote, na sehemu ya vikombe uirudie.

Semahoro